Kura Sita Zilizopungua

(Mhadhara kwa wazee wa kanisa na wajumbe wa mikutano mikuu ya dayosisi, Iringa)

Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie wanawake na uchungaji. Mistari ya Paulo mnaijua, ya upande huu na ya upande ule. Leo tuiache, tuhesabu kura, maana kwa maoni yangu jambo hili hukwama kwenye katiba kama linavyokwama kwenye Biblia.

Chukueni Kanisa la Uingereza. Sinodi Kuu yake, yaani mkutano wake mkuu wa maamuzi, ina nyumba tatu: maaskofu, makasisi na walei, yaani waumini wasio makasisi. Jambo zito kama hili lazima lipate theluthi mbili katika kila nyumba. Novemba 1992, kwenye hoja ya wanawake kuwa makasisi, walei walipiga kura 169 za ndiyo na 82 za hapana. Jumla ni 251, theluthi mbili yake 168. Wangegeuka wawili tu, wale wanawake 32 waliofanywa makasisi kule Bristol Machi 1994 wangebaki mashemasi.

Novemba 2012 ikaja zamu ya uaskofu. Maaskofu 44 kwa 3, makasisi 148 kwa 45, walei 132 kwa 74. Ukijumlisha, ndiyo ni 324 na hapana 122, zaidi ya asilimia 72. Hoja ikaanguka! Walei walihitaji 138, zilipungua sita. Na msidhani wote 74 walikataa wanawake. Wapo walioona tu kwamba kinga ya parokia zisizotaka askofu mwanamke haitoshi. Kinga hiyo ikaondolewa kwenye sheria, ikawekwa katika tamko la maaskofu, akateuliwa na mtu huru wa kusikiliza malalamiko. Julai 2014 walei wakapitisha 152 kwa 40, na Januari 2015 Libby Lane, askofu mwanamke wa kwanza wa kanisa hilo, akawekwa wakfu York.

Wenye hoja wengi humkimbilia askofu kwanza. Kule maaskofu walishakubali zamani; waliokwamisha ni walei, ambao huchaguliwa ngazi za chini, kwenye vikao ambavyo wengi hawajisumbui kwenda.

KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilipita njia nyingine. Mkutano Mkuu uliruhusu mwaka 1990, wa kwanza wakabarikiwa 1991. Lakini dayosisi ina katiba yake na mkutano mkuu wake, hivyo ruhusa ya juu haikutekelezwa kila mahali kwa siku moja.

Sasa fungueni katiba zenu. Theluthi mbili ya nani? Tuseme wajumbe ni 150, waliohudhuria 120, waliopiga kura 105. Kwa hesabu ya wajumbe wote mnahitaji 100. Ya waliohudhuria, 80. Ya waliopiga kura, 70. Katika hizo mbili za kwanza, anayekaa kimya amekataa, hata kama moyoni anakubali. Mwenyekiti aulizwe kabla ya mjadala, jibu liingie kwenye muhtasari. Akiulizwa baada ya kura itakuwa ugomvi.

Na kura ipigwe kabla ya chakula cha mchana. Ikifika saa tisa, wanaotoka mbali, wa Makete na Ludewa, wameshakimbilia stendi.