Kitabu Kisichoondoka Kinywani: Mhadhara Uliotolewa Malindi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena: kusoma Biblia ni jambo moja, kuitafakari ni jingine. Mkristo anayesoma sura tatu au nne kwa siku ili azimalize zote 1,189 kwa mwaka anafanya vyema, lakini jioni mwulize alisoma nini asubuhi.

Tuangalie Yoshua 1:8. Maneno ya mwisho, yale ya kuifanikisha njia na kusitawi, tunayaandika ukutani, tunayabandika kwenye tuktuk, tunayaombea kila mwaka mpya. Yanayotangulia, kwamba kitabu cha torati kisiondoke kinywani bali kitafakariwe mchana na usiku, ili tupate kutenda yaliyoandikwa humo, tunayaruka kana kwamba hayamo. Jambo hili linaniudhi, wala sitalificha. Kufanikiwa huko kumefungwa kwenye kutenda, na kutenda kumefungwa kwenye kutafakari.

Mtasema hamna muda. Je, Yoshua alikuwa nao? Musa amekufa, Yordani imefurika, taifa zima linamtazama yeye, na ndipo Mungu anamwagiza kutafakari. Wewe mvuvi unayengoja maji yajae, nawe dada unayengoja wateja sokoni, mstari mmoja haukudai ufunge kazi: utamke kwa sauti ya chini, jiulize unasema nini juu ya Mungu na unakutaka utende nini leo, kisha uurudie. Hapa mjini tunawasikia watoto wa jirani zetu Waislamu wakihifadhi Kurani kwa sauti. Sisi tulioambiwa neno lisiondoke kinywani, mbona tuko kimya?

Wako wanaohofu kwamba kutafakari ni kuondoa mawazo yote akilini, kama zifundishavyo dini nyingine. Mtu wa Zaburi ya 1 hakuambiwa awe na akili tupu. Anaitafakari sheria ya Bwana, basi akili yake ina neno la kushika.

Nilikusudia kueleza habari za Mariamu katika Luka 2:19, na za mfalme aliyeagizwa kujiandikia nakala ya torati katika Kumbukumbu la Torati 17, lakini muda umekwisha. Usiku huu kila mmoja achague mstari mmoja wa Zaburi ya 119, yenye mistari 176, alale nao na aamke nao. Kesho, kabla sijafungua Biblia, nitawauliza.