Tanga Uende Lini, Ulale Wapi?

SEFU: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunalo swali kutoka Dodoma. Baba mmoja anataka kumpeleka mkewe na watoto Tanga wiki ya Krismasi, anauliza alale hoteli gani ya ufukweni. Da Mwanaidi, mwenyeji ni wewe, mjibu.

MWANAIDI: Kwanza, wiki ya Krismasi asiende.

SEFU: Ala! Likizo ya watoto si ndiyo hiyo?

MWANAIDI: Najua. Lakini kuanzia Chalinze mpaka Segera barabara ni moja na ya watu wa Moshi na Arusha wanaorudi kwao sikukuu. Siti za kugombania. Akifika Tanga kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshaingia, na joto linapanda mpaka Februari. Usiku unatafuta upande wa mto wa kulalia wenye ubaridi huupati. Watoto si wana likizo ya Juni? Awalete mwisho wa Juni. Masika yamekwisha, jua lipo, na usiku unajifunika.

SEFU: Juni si ndiyo kusi, upepo wa kutoka kusini? Bahari inachafuka.

MWANAIDI: Huko nje, ndiyo. Mji wenyewe uko ndani ya ghuba, umekingwa. Mtu anayetaka kuzamia kwenye matumbawe ndiye nitamwambia asubiri Oktoba, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Vuli inaweza kumnyeshea, ila haifungi siku nzima kama mvua ya Aprili na Mei. Miezi hiyo miwili, kaka, hata mimi simwiti mtu.

SEFU: Haya, na hoteli ya ufukweni?

MWANAIDI: Hapo ndipo watu wanapotuonea. Mtu anakuja Tanga akiwaza mchanga mweupe wa kwenye picha, anakuta mikoko na tope, anaondoka analalamika. Tanga ni bandari. Mchanga anaoutafuta uko Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani, siyo mjini.

SEFU: Raskazone, pale pale mjini, je? Mimi huwa naogelea pale, na nalala upande ule ule. Kimya, upepo, miti mikubwa.

MWANAIDI: Pazuri, sikatai. Lakini unaogelea saa ngapi?

SEFU: Nikiamka. Saa nne hivi.

MWANAIDI: Basi una bahati hujakutana na bamvua, siku za maji makubwa! Sikilizeni vizuri, maana hili wenye hoteli hawawaambii. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mgeni anatoka na taulo lake saa nne, bahari ameikuta huko mbali. Baada ya wiki moja, maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ila hayana nguvu. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, tazama mwezi.

SEFU: Mimi natazama bei.

MWANAIDI: Bei ndiyo ikupeleke Ngamiani sasa.

SEFU: Nilijua tutafika huko.

MWANAIDI: Tufike! Reli imeugawa mji. Upande wa baharini ofisi, benki, Bustani ya Jamhuri. Upande wa pili Ngamiani, barabara zina namba, hupotei hata ukitaka. Gesti zipo za kila mfuko. Kagua chandarua, washa feni uone, fungua bomba, ndiyo ulipe. Jioni unatoka mlangoni tu, kuna vitumbua, mkate wa kumimina, pweza, kahawa ya barazani. Raskazone ukitaka kula usiku unaita bajaji.

SEFU: Na Ngamiani ukitaka kulala? Spika ya jirani upande huu, adhana ya alfajiri upande ule.

MWANAIDI: Adhana hujaenda kuikimbia, umeenda Tanga. Spika, hapo nakubali, omba chumba cha uani.

SEFU: Yule baba ana watoto, da Mwanaidi. Mimi namwambia Raskazone, na jioni awapeleke Ngamiani wakale. Usafiri wa bajaji ni mfupi.

MWANAIDI: Kwa sababu ya watoto, haya. Angekuwa peke yake nisingekubali. Ila akitembea mitaani asivae nguo za kuogelea, hizo ziishie ufukweni.

SEFU: Ramadhani je? Wengine wanasema usiende kabisa.

MWANAIDI: Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, 2027 itaangukia Februari. Mchana mahali pengi pa kula pamefungwa, watoto watapata tabu. Usiku lakini! Baada ya tarawehe mji unaamka upya. Mtu mzima asiye na haraka ningemwita wakati huo huo.

SEFU: Siku ngapi zinatosha?

MWANAIDI: Usiku tatu. Siku moja Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, avae viatu visivyoteleza. Siku ya pili Tongoni, njia ya Pangani, akaone makaburi ya nguzo na magofu ya msikiti. Watoto watachoka haraka pale, mimi sichoki. Iliyobaki ya bahari, kwa saa niliyomwambia.

SEFU: Na kama bosi wake hampi likizo ila Desemba?

MWANAIDI: Akate tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema, Novemba. Achukue chumba chenye kiyoyozi na aulize umeme ukikatika kuna jenereta. Na basi likimshusha stendi ya Kange, aelewane bei na wa bajaji kabla mizigo haijapanda.

SEFU: Hilo hata mwezi wa sita.

MWANAIDI: Hilo mwaka mzima. Haya, msikilizaji wa pili anataka kuvuka kwenda Pemba, huyo tutamjibu wiki ijayo.