Makerere ilipokua, nani alilipa?

Waheshimiwa walimu, wageni wetu, wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa.

Nimeombwa nizungumzie historia ya Chuo Kikuu cha Makerere. Tarehe zenyewe mmezisikia hadi mmezichoka, hasa mwaka 2022 chuo kilipotimiza miaka 100. Mwaka 1922 palifunguliwa shule ya ufundi yenye vijana 14, useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye udaktari, kilimo na ualimu. Mwaka 1949 chuo kikafungamanishwa na University of London, 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 kikasimama peke yake. Hayo tuyaache hapo. Swali langu ni jingine: kila Makerere ilipopanuka, nani alilipa?

Tuanze na ardhi. Kilima cha Makerere kiko Buganda, na Buganda ardhi si jambo la kuchezea. Katika miaka ya 1940 chuo kilihitaji nafasi zaidi, na serikali ya kikoloni ikataka Lukiiko, yaani bunge la ufalme wa Buganda, lipitishe sheria ya kuruhusu ardhi ya watu ichukuliwe kwa matumizi ya umma. Watu wakapandwa na hasira. Walikuwa wanajua yaliyowapata majirani Kenya, wakahofia kwamba leo ni chuo, kesho ni walowezi. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, akaisimamia sheria ile hadi ikapita. Kesho yake asubuhi, tarehe 5 Septemba 1945, alipigwa risasi kwenye ngazi za kanisa kuu la Namirembe, alikokwenda kusali. Akafa.

Bweni la wavulana lililokuwa likiitwa Northcote leo lina jina lake. Vijana wa humo wanasifika kwa kelele na gwaride. Ningependa kila anayepangiwa chumba humo asimuliwe habari hii kabla hajakabidhiwa ufunguo. Wala simaanishi kwamba waliopinga walikuwa wajinga. Hofu yao ilikuwa na msingi, na chuo kilipata ardhi ambayo wenyewe hawakuitoa kwa moyo mkunjufu.

Mwaka huohuo wa 1945 wanawake wa kwanza waliingia chuoni. Kaulimbiu ya zamani ilikuwa inawahimiza wanafunzi wawe wanaume, kwa hiyo ikabidi itafutwe nyingine. Kina mama mliopo hapa, chekeni tu.

Zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki ndizo ninazozionea wivu. Mtanzania aliyetaka udaktari alikuja Kampala, ajifunze katika hospitali ya Mulago. Mganda aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria akaenda Dar es Salaam. Mkuu wa chuo alikuwa Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere miaka ya vita. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili sanifu ilikuwa na makao yake hapahapa Makerere. Baadaye ilihamia Dar es Salaam, ikawa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili. Anayewaambia kwamba Kiswahili ni mgeni Kampala, mpeni habari hiyo.

Kisha akaja Amin. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na wahadhiri wengi wa kigeni nao wakafungasha. Oktoba mwaka huo Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Ali Mazrui, profesa wa siasa chuoni, akaondoka. Agosti 1976 wanajeshi waliingia mabwenini wakawapiga wanafunzi. Chuo hakikufungwa moja kwa moja, na hilo tunawashukuru walimu waliobaki, wakafundisha bila vitabu na kwa mshahara usiofika katikati ya mwezi.

Malipo ya mwisho tunayaona kwa macho kila siku. Desemba 1990 wanafunzi waligoma serikali ilipokata posho zao. Polisi wakafyatua risasi, wawili wakafa. Mwaka 1992 chuo kikaanza kupokea wanaojilipia, na haikupita miaka kumi wakawa wengi kuliko wanaolipiwa na serikali. Masomo ya jioni yakaanza. Kumbi zilizojengewa watu wachache zikajaa. Aliyechelewa alisimama dirishani, akaandika daftari likiwa juu ya mgongo wa mwenzake. Wandegeya na Kikoni, mitaa ya jirani na chuo, hosteli zikaota kila kiwanja. Wengine husema huo ndio uliokuwa mwanzo wa kuporomoka kwa chuo. Mimi siafiki. Watoto wengi wa wakulima na wachuuzi walipata digrii kwa mlango huo. Lakini aliyelipa alikuwa mzazi aliyeuza ng'ombe, na mwalimu aliyesahihisha mamia ya karatasi usiku, huku bajeti ya utafiti ikiachiwa wafadhili.

Jengo kuu lilipoungua Septemba 2020, pesa za kulijenga upya zilipatikana, na mwaka 2024 likafunguliwa. Basi serikali ikitaka, hutoa.

Ndiyo maana nauliza hili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu hao ni lazima wafundishwe mahali, vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo vikiwemo. Ada yao italipwa na nani: Hazina, au tena mzazi wa Kikoni na Kasese? Kama kuna afisa wa wizara humu ukumbini, naomba ajibu yeye kwanza, kabla hatujapokea maswali mengine.