Kabla hamjapigia kura jina jipya la kanisa

Bwana asifiwe wapendwa. Nimeombwa niseme juu ya hili swala la jina, na najua kamati ishapokea mapendekezo na wengine mshaanza kuvutana, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Mtu akiwauliza mbona mnabadilisha, mnamjibu nini? Sababu za kueleweka zipo. Kuna makanisa mawili yameungana na hakuna anayetaka kumezwa na jina la mwenzake, kuna kanisa limetoka kwenye dhehebu na haliruhusiwi tena kutumia jina la dhehebu, kuna lililojiita jina la mtaa halafu likahama mtaa. Sawa. Ila kuna sababu nyingine watu hawaisemi kwa sauti, kwamba hapa kuna kitu kilitokea, pesa zilipotea au watu waliumizwa, na tunataka jina jipya ili wasahau. Kama ni hiyo mimi nawasihi msimame kwanza. Walioumizwa waitwe, waombwe msamaha uso kwa uso, hesabu ziwekwe wazi, ndo mje kwenye jina. Yesu aliwaambia kanisa la Sardi "una jina la kuwa hai, nawe umekufa", Ufunuo 3:1, na kibao kipya hakimjibu hilo.

Kingine, msidhani mnafanya kitu cha kiroho sana kupita kiasi, wala msidhani ni dhambi. Makanisa ya kwanza hayakuwa na majina ya kuchagua, Paulo anaandika tu kwa kanisa la Mungu lililoko Korintho, au anasalimia kanisa lililoko nyumbani kwa Priska na Akila, basi, ukisikia unajua uende wapi. Hata hili la Wakristo wanafunzi waliitwa kwanza Antiokia, Matendo 11:26. Wamethodisti nao lilikuwa jina la kutaniwa, vijana kule Oxford miaka ya 1730 walikuwa na utaratibu mkali wa kusali na kusoma watu wakawacheka, likabaki.

Mfano ninaoupenda ni wa Waadventista wa Sabato. Mwaka 1860 walikutana Battle Creek, Michigan, na kilichowasukuma ni mali. Kiwanda chao cha uchapishaji kilikuwa kinashikiliwa kwa jina la mtu mmoja, James White, sasa akifa je? Kisheria kundi lisilo na jina haliwezi kumiliki kitu. Wapo waliopinga kabisa wakisema kujipa jina na kujiandikisha ni kurudi Babeli, yaani kwenye makanisa waliyoona yameasi, na ukiwasikiliza unaona walikuwa wanaogopa kitu cha kweli, kwamba chama kinaweza kuja kuwa kikubwa kuliko imani. Wengine wakataka Kanisa la Mungu. Likakataliwa manake lilishatumika na wengine na lilionekana la kujikweza, kama vile makanisa mengine si ya Mungu. Wakachagua jina linalotaja vitu viwili wanavyoamini, siku ya saba na kurudi kwa Yesu, mgeni akisoma mlangoni anajua anaingia wapi. Ukubaliane nao usikubaliane, hawakumficha mtu.

Hapo ndo nataka tukae. Siku hizi makanisa mengi yanatoa jina la dhehebu kwenye kibao ili wageni wasiogope, na nia naielewa. Lakini kama bado mko chini ya dhehebu, mafundisho ni yale yale, mchungaji anatumwa kutoka kule, basi mgeni aambiwe siku ya kwanza, asije kugundua baada ya mwaka akaona alidanganywa. Wabaptisti wa Kusini kule Marekani walibishana hili hili mwaka 2012, wakaamua jina la kisheria libaki na atakayetaka ajiite Wabaptisti wa Agizo Kuu, yaani lile agizo la Yesu la kwenda kuwafanya mataifa yote wanafunzi, na hata hilo kura ziligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kubadili jina ni kugumu, jamani.

Jina la mtu aliye hai msiweke, hata kama ndiye aliyenunua kiwanja. Luther mwenyewe mwaka 1522 aliwaomba watu wasijiite Walutheri, wajiite Wakristo, na mnaona walivyomsikiliza. Korintho walikuwa washaanza kugawana kwa majina ya watu, mimi wa Paulo, mimi wa Apolo.

Halafu wazee wetu na mama zetu waliolijenga hili kanisa wasikilizwe kabla ya kura, siyo baada. Elisabeti aliposema mtoto ataitwa Yohana, majirani walimwambia hakuna mtu katika jamaa yako mwenye jina hilo, ni kitu cha kawaida mtu kuumia akiona jina la kwao linapita, msimwite mpinga maendeleo. Jina likishapendekezwa liacheni wiki kadhaa watu walitamke, walisali nalo, ndo mpige kura, na katiba yenu iangaliwe inataka wangapi.

Katibu, hati ya kiwanja, akaunti ya benki, mhuri, usajili, vyote vibadilike kwa pamoja, manake kanisa lenye majina mawili kwenye karatasi ndo kesi zinapoanzia. Mwanasheria aitwe mapema.

Nimemaliza, mama pale nyuma naona mkono umeinuka kitambo, tuanze na wewe.