Doti Tatu na Mtungi Mtupu

ZUHURA: Kaka Hamisi, kabla hujafungua daftari lako, naomba nieleze lililonifika Jumanne, kwa sababu tangu siku hiyo napika kwa makaa, na kila nikipepea jiko nalikumbuka.

HAMISI: Eleza, dada yangu. Kwa kipindi chetu cha redio leo nimeandaa mafunzo manne kuhusu kupunguza matumizi yasiyo ya lazima, lakini naona la kwanza limejileta lenyewe.

ZUHURA: Asubuhi niliacha mtungi wa kilo 6 kwa muuza gesi wetu kule Likoni, nikamwambia nitaupitia jioni. Kwenye simu nilikuwa na shilingi 2,500, na kuujaza ni shilingi 1,200, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa imekaa sawa mpaka siku ya mshahara. Nilipotoka kazini nilikatiza mtaa wa Biashara, Mombasa mjini, nikakuta duka moja limetundika leso mpya, rangi ya damu ya mzee, yenye korosho kwenye pindo, na jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, ni "Nani kama mama". Muuzaji akaniambia kwamba zimebaki chache na zikiisha hazirudi. Nilitoka na doti tatu kwa shilingi 700 kila moja, nikampa fundi aliyeketi na cherehani barazani azikate na kuzipinda kwa shilingi 150, na nilipofika feri nilikuwa na shilingi 250. Mtungi bado uko kwa muuza gesi, mtupu.

HAMISI: Ulipokuwa ukilipa, uliikumbuka gesi?

ZUHURA: Niliikumbuka, na hilo ndilo linaloniuma. Watu hudhani kwamba anayenunua kwa ghafla amesahau shida zake. Mimi sikusahau. Gesi ilikuwa ng'ambo ya maji, na leso ilikuwa mkononi mwangu.

HAMISI: Nakushukuru kwa kulisema waziwazi, kwa maana wengi hulificha. Daftari langu linaanza na njia ya kulipa. M-Pesa ilipoanza nchini mwetu Kenya mwaka 2007, wengi tuliijua kuwa ni njia ya kutuma pesa nyumbani, na aliyetuma alijua ni nani anayengoja. Leo kwa simu hiyo hiyo tunalipia viatu, nauli na chai, na baki tunaisoma kwenye ujumbe baada ya pesa kwisha kuondoka. Ungekuwa na noti mbili za 1,000 na moja ya 500, ungeziona zikikutoka, na pengine baada ya doti ya kwanza mkono ungesita.

ZUHURA: Mama yangu hakuwa na pochi. Pesa zake alizifunga kwenye ncha ya leso aliyojitanda, fundo juu ya fundo, na alipotaka kununua kitu ilimbidi asimame, avute ile ncha, afungue kwa meno ikiwa limekaza, huku muuzaji akimtazama. Mara nyingi nilimwona akifungua fundo la kwanza, akafikiri, kisha akalifunga tena tukaenda zetu.

HAMISI: Hilo silo niliandikalo daftarini, lakini ni bora kuliko nililoandika. Simu haina fundo. Na wewe Jumanne ulipewa nafasi nyingine ya kusita ukaipita: yule fundi. Doti inatoka dukani ikiwa kitambaa kimoja, leso mbili zimeshikana. Ikiwa haijakatwa unaweza kumrudia mwenye duka ukamsihi, au ukamuuzia jirani kwa bei ile ile. Ukishaikata na kuipinda, imekuwa yako.

ZUHURA: Kuhusu fundi umesema kweli, ningerudi nazo nyumbani bila kuzikata. Nisichokikubali ni kuiweka leso katika kundi la matumizi yasiyo ya lazima. Mwanamke akienda kujifungua huambiwa aje na leso. Akishajifungua hufungwa mkaja kwa leso, na mtoto hubebwa kwa mbeleko ya leso. Bibi harusi huvishwa leso ya kisutu. Maiti anapooshwa husitiriwa kwa leso. Nionyeshe kitu kingine katika nyumba zetu kinachompokea mtu duniani na kumsindikiza kaburini.

HAMISI: Sijaipinga heshima ya leso hata kidogo. Nakuuliza hesabu. Kabla ya Jumanne, kashani mwako mlikuwa na doti ngapi?

ZUHURA: Kumi na tisa.

HAMISI: Doti 19 kwa bei uliyonunulia ni shilingi 13,300. Hiyo ni mitungi kumi na moja ya gesi, dada Zuhura.

ZUHURA: Shangazi yangu alifariki saa nane usiku. Maduka yote yalikuwa yamefungwa, na waliokuja nyumbani walikuja walivyoamka. Leso zilizotumika usiku ule zilitoka katika kasha hilo, doti nne, na hakuna aliyelazimika kwenda kugonga mlango wa mtu kuomba. Hiyo mitungi yako kumi na moja ingefanya nini saa nane usiku? Akiba haiozi.

HAMISI: Mungu amrehemu. Lakini hizo ni nne, na kashani zilibaki nyingi, kisha ukaongeza tatu. Ukifuata hoja kwamba kila kitu kina siku yake ya kuhitajika, utalibeba duka zima, kwa sababu hata sufuria ina siku yake. Bandu bandu huisha gogo. Mimi sitazami kitu kilichonunuliwa, natazama ni nani aliyeamua. Asubuhi ulikuwa umeamua wewe, na jioni aliyeamua ni muuzaji aliyekuambia kwamba haitarudi.

ZUHURA: Kule Kwale una mabati na mawe ya kujengea. Uliyanunua lini?

HAMISI: Kidogo kidogo, tangu miaka sita iliyopita.

ZUHURA: Na kuna mara uliyapata kwa bei nafuu ukayachukua papo hapo, ulitusimulia hapa hapa kwenye kipindi. Nyumba haijaanza, na tarehe ya kuanza haipo. Mwanamume akirundika mabati uwanjani, watu husema kwamba anajenga. Mwanamke akirundika leso kashani, huambiwa kwamba ni mbadhirifu. Nataka unijibu tofauti iko wapi.

HAMISI: Tofauti ni kwamba mabati yangu yana orodha. Fundi aliniambia ni mangapi yanahitajika, na yakifika idadi hiyo sitanunua hata moja. Kasha lako halina idadi.

ZUHURA: Mauti hayana idadi, wala uzazi hauna.

HAMISI: Ndiyo maana nakuambia uweke idadi wewe. Wanawake wa pwani hii walipoanza na vile vitambaa vya Wareno, ambavyo ndivyo vilivyotupa hilo neno leso, walinunua vitambaa sita wakavishona viwe nguo moja. Sindano yenyewe iliwapa muda wa kufikiri. Leo nguo imekwisha chapwa, imekunjwa, na jina lake limeandikwa ili likuguse moyo. Lile lililokugusa wewe lilimtaja mama.

ZUHURA: Lilinigusa, na doti ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni ya binti wa jirani yangu, anajifungua mwezi ujao. Mtaa ule umeishi kwa leso kwa muda mrefu. Duka la Kaderdina, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa mwaka 1887. Kitu cha upuuzi hakiwezi kununuliwa na mabibi, mama na wajukuu kwa muda wote huo.

HAMISI: Duka kudumu kunanionyesha ustadi wa muuzaji. Hakunionyeshi haja ya mnunuzi. Na umetaja ya kwanza na ya pili. Ya tatu ni ya nani?

ZUHURA: Ya tatu haijapata mwenyewe.

HAMISI: Basi hiyo ndiyo ninayoizungumzia tangu tulipoanza. Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wale ambao wakitoa hawafanyi israfu.

ZUHURA: Wala hawafanyi ubahili. Aya haiishii ulipoishia wewe, kaka, inasema wako katikati ya hayo. Nikimpelekea mfiwa leso ambayo niliinunua kabla sijajua kwamba atafiwa, nimefanya ubahili au israfu?

HAMISI: Umempelekea mfiwa leso, na watoto wako wamekula wali uliochelewa wiki nzima kwa moshi wa makaa. Haki ya walio nyumbani inatangulia.

ZUHURA: Kwamba nilikosea mpangilio nimekubali tangu mwanzo. Kwamba nilichonunua hakikuwa na haja, sitakubali leo, na ukinirudisha hapa wiki ijayo sitakubali pia.

HAMISI: Nami sitakubali kwamba jina zuri juu ya kitambaa linakiondoa katika hesabu. Ningekubali kungekuwa na orodha.

ZUHURA: Mtaalamu wetu wa sauti ananyoosha vidole viwili. Tuna dakika mbili.

HAMISI: Nina mafunzo matatu ambayo hata sijayafungua. La pili lilihusu mikopo midogo ya simu, jinsi mtu anavyoweza kulipia kitu kwa pesa ambayo hana kisha akaikuta imekatwa mara tu mshahara unapoingia, na nilitaka kulieleza kwa utaratibu.

ZUHURA: Jumanne simu ilinipa nafasi ya kukopa nijaze gesi. Sikukopa, na kwa hilo nashukuru.

HAMISI: Hilo lilistahili kipindi kizima. La tatu na la nne itabidi yangoje. Nikuulize la mwisho: gesi utajaza lini?

ZUHURA: Ijumaa, mshahara ukiingia. Nimemwambia muuza gesi asiuguse mtungi, na nitapitia njia ya Posta, si mtaa wa Biashara.

HAMISI: Na doti ya tatu?

ZUHURA: Iko kashani, imekwisha pindwa.