Makareli kwa Mwenye Presha: Mpike Hivi

Karibuni jikoni. Leo napika makareli, na nawapikia hasa nyinyi mliotoka kliniki mkiambiwa presha iko juu.

Tuanze na samaki mwenyewe. Hapa Nairobi tukisema samaki, wengi tunawaza tilapia. Ni mtamu, ila hana mafuta mengi. Omega-3 tunayoitafuta, aina ya mafuta yanayosaidia presha kidogo, imejaa kwa makareli, sadini na samoni. Ukifika City Market au Gikomba, mwambie muuzaji akufunulie shavu: ndani pawe pekundu, jicho liwe limejaa, na ukibonyeza nyama, irudi. Akiwa wa barafu, myeyushe ndani ya friji usiku kucha.

Mpasue, toa matumbo, sugua ule utando mweusi wa tumboni maana una uchungu. Sasa mchanje mara tatu kila upande, kisu kiguse mfupa.

Chumvi jamani! Hapa ndipo tunapojiharibia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ya mkate na ya sukuma wiki. Kwa hivyo jaza michanjo ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, halafu chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu. Vidonge vya supu weka kando, vina chumvi nyingi.

Kikaango kisichoshika kikipata moto wa wastani, mlaze. Usimimine mafuta. Sogeeni muone: kwenye michanjo yanatoka matone madogo yanayong'aa kama shanga. Hayo ndiyo uliyoyafuata sokoni! Ukimzamisha kwenye mafuta ya kukaangia, haya yanatoka na yale yanaingia. Dakika tano au sita, mgeuze, tena hivyo hivyo, mpaka nyama iachane na mfupa.

Akiendelea kuiva, niwaambie ukweli. Uchambuzi wa majaribio 71, uliochapishwa 2022 katika jarida la Shirika la Moyo la Marekani, ulionyesha kuwa gramu 2 hadi 3 za omega-3 kwa siku hushusha namba ya juu ya presha kwa pointi 2 hivi, na zaidi kidogo kwa wenye presha tayari. Msaada upo, lakini si wa kukufanya uache dawa. Mama yangu anakula makareli Jumanne na Ijumaa, na tembe yake ya asubuhi anameza vilevile.

Haya, ameiva. Pakua na ugali, mkamulie ndimu, na umchambulie mtoto miiba ya ubavuni kabla hujampa.