Kutoka Mtwapa hadi Ukunda kwa Miguu na Baiskeli: Tujenge Vivuko Kwanza

Asalamu aleikum wazee wetu, kina mama, vijana wa mitaa, na wageni wetu waliotoka Kilifi na Kwale. Ramani iliyo ukutani ina mstari mmoja, ndio njia tunayotaka kuijenga. Unaanzia daraja la Mtwapa, unapita Bamburi na Kisauni, unaingia kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali, unavuka kwa feri hadi Likoni, kisha unateremka mpaka Ukunda. Tawi lake linatoka Makupa, linapita Changamwe na Miritini, linaishia Mazeras. Wenye njia hii ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli, wenye mikokoteni na wanaotumia viti vya magurudumu. Gari halimo, na pikipiki haimo.

Mradi wa namna hii huvutwa uanzie mahali pepesi: kilomita tatu za mchanga tambarare, utepe ukatwe, picha zipigwe. Nashauri kinyume chake. Fedha ya kwanza iende kwenye vivuko, kwa sababu mtu wa Kisauni anayefanya kazi Kilindini hapimi njia kwa kilomita zilizojengwa. Anapima kwa pale anaposhindwa kupita. Njia nzuri inayokatika Makupa ni vichochoro viwili visivyotoka.

Daraja la Nyali la sasa lilifunguliwa 1980, likachukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Watu wote wa bara ya kaskazini hubanwa kwenye shingo hiyo moja. Njia ya watu wanaopishana, pamoja na baiskeli na mkokoteni, inataka upana wa mita 3, na palipo na msongamano mita 4. Daraja kuukuu likikosa upana huo, ziko njia mbili tu: kupunguza nafasi ya magari, au kujenga sakafu nyingine ubavuni. Hiyo ya ubavuni wengi huiona rahisi, nayo si rahisi. Umati wa watu hukadiriwa uzito wa kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Kwa upana wa mita 3, ni tani moja na nusu kwa kila mita ya urefu, na zote zinaning'inia upande mmoja. Kwa hiyo mhandisi apime boksi, yaani mhimili wenye uwazi ndani unaobeba sakafu ya daraja, na nguzo zilizopo kabla ya mtu yeyote kuchora picha ya kupendeza. Reli ya pembeni iwe na kimo cha mita 1.4. Iliyo fupi kuliko hiyo humgonga mwendesha baiskeli chini ya kiuno, akiyumba anapinduka juu yake.

Tena, daraja lenyewe mara nyingi halina kosa. Kosa huwa pale linapoanzia. Mtu huteremka darajani salama, akatupwa katikati ya matatu zinazogombania abiria. Panapokatiza barabara ya njia nne, pawekwe kisiwa cha kusimamia chenye upana usiopungua mita 2, maana baiskeli ina urefu wa mita 1.8 na haifai mkia wake ubaki barabarani. Katika barabara za mitaa, kivuko kiinuliwe milimita 75 hadi 100 ili gari lipunguze mwendo bila kuamrishwa. Changamwe, ambako malori ya bandari hayakatiki, tuta kama hilo halifai. Huko zinatakiwa taa za kusimamisha magari, au kupita chini.

Likoni, anayevuka kwa miguu halipi nauli, na hilo ni jambo kubwa kwa njia ya umma. Kazi iliyobaki ni gatini. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mteremko wa zege unaofichuka ni mrefu na una ukungu wa kijani unaoteleza. Zege hilo lichongwe mifereji midogo ya kukingama, lisuguliwe mara kwa mara, na wenye baiskeli watengewe mkondo wao na kivuli cha kungojea.

Sasa ardhi. Upande wa pwani, kutoka Mtwapa hadi Nyali na kule Likoni, chini kuna mwamba wa matumbawe na mchanga. Maji hunywewa upesi, na msingi haudai mengi. Ukivuka Makupa kuelekea Miritini mambo hugeuka: udongo ni mfinyanzi uliotokana na mwamba laini wa tabaka. Masika huvimba, kaskazi hukauka na kupasuka. Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza, zikilazwa juu yake bila matayarisho hupanda na kushuka, na gurudumu la kiti cha mgonjwa hukwama kwenye kila ukingo uliochomoza. Dawa ni kuchimba milimita 300 zaidi na kujaza kifusi cha matumbawe, au kuchanganya udongo huo na chokaa kwa asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake, ukashindiliwa ukiwa na unyevu. Upande wa juu wa mlima uchimbwe mtaro wa kuzuia maji kabla hayajafika chini ya njia. Usipochimbwa, chokaa yote hiyo ni hasara.

Kwa wanaoandika bajeti: kilomita moja yenye upana wa mita 3 ni mita za mraba 3,000. Tabaka la msingi la milimita 150 ni mita za ujazo 450 baada ya kushindiliwa; kifusi kikiwa bado kimelegea, ongeza asilimia 30, kiwe kama 585. Lori la mita za ujazo 8 litakwenda safari 74. Juu yake mchanga wa kulaza milimita 30, yaani mita za ujazo 90. Kabro za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita ya mraba, hivyo ni 150,000. Unene wa milimita 60 unatosha. Panapokatiza magari, milimita 80. Kingo za zege pande zote mbili ziwekwe kabla ya kabro. Zikikosekana, kabro za pembeni hutawanyika, na za katikati huzifuata. Mchanga wa baharini usiooshwa usiguse zege lenye nondo, maana chumvi yake huozesha chuma kutoka ndani.

Si lazima kila mahali pawe na kabro. Njia ya Katy Trail huko Missouri, Marekani, yenye urefu wa kilomita zipatazo 386 juu ya tuta la reli ya zamani, imetandazwa mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Sisi matumbawe yetu ni chokaa. Kati ya Likoni na Ukunda, palipo tambarare, hilo linatosha na gharama yake ni ndogo. Palipo na mteremko unaozidi asilimia 5 lisitumike, maana mvua moja kubwa hulichana mifereji.

Kwenye mikoko ya Tudor na Mtwapa, nawasihi sana: msijaze kifusi. Mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope. Ikifukiwa, mti hufa umesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope hori ya Mwache, na mikoko mingi ikafa. Tuta la njia hufanya vivyo hivyo, na zaidi ya hapo hukata maji ya kujaa na kupwa. Huko ijengwe sakafu ya mbao juu ya nguzo, ipite juu ya maji ya bamvua kwa nusu mita. Mbao zilazwe kukingama na mwendo, na nafasi ya milimita 6 hadi 10 baina yake. Zikilazwa kufuata mwendo, gurudumu la baiskeli huzama. Misumari na bolti ziwe zimechovywa zinki. Mikoko imehifadhiwa kama msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo idhini ya Huduma ya Misitu na tathmini ya mazingira kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zitangulie jembe.

Idhini nyingine zitachukua muda kuliko ujenzi wenyewe. Mstari huu unagusa Mamlaka ya Barabara Kuu, Mamlaka ya Barabara za Miji, Shirika la Reli na kaunti tatu. Kuna ardhi za wakf, ambazo haziuzwi, na mutawali, yaani msimamizi wake, ndiye wa kuzungumza naye mapema. Karibu na Mazeras na huko Kinondo kuna kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizo katika orodha ya UNESCO tangu 2008. Wazee wa kaya waonyeshe wenyewe njia ipite umbali gani. Si kazi ya mpimaji kukisia.

Nimeulizwa kuhusu bodaboda. Hakuna kizuizi kinachopitisha kiti cha magurudumu kikazuia pikipiki. Anayewauzia kizuizi cha namna hiyo atawafungia walemavu nje. Vigingi vyenye nafasi ya mita 1.2 huzuia tuktuk, ambayo ina upana wa mita 1.3. Lakini karibu na soko la Kongowea mikokoteni mipana nayo itakwama, kwa hiyo pale nafasi iachwe mita 1.5 na awepo mlinzi. Wenye boda wajengewe steji yenye kivuli kwenye kila mlango wa njia. Abiria wao wanatokea pale pale, na wakipata pa kusimama hawana haja ya kuingia.

Mwisho ni utunzaji. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinaziruhusu kaunti kuunda mamlaka ya pamoja, na Mombasa, Kilifi na Kwale ziiunde kabla ya kandarasi kutiwa saini. Hati yake itaje kaunti ipi inazibua kalvati mwezi wa Machi kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Kalvati zenyewe zisipungue milimita 600, maana zilizo ndogo huzibwa na plastiki na mkono haufiki. Itaje pia ghala la kabro za akiba: asilimia 2, yaani 3,000 kwa kila kilomita, zinunuliwe siku moja na zile za kwanza, kwa sababu kiwanda kikibadilisha kalibu baada ya miaka mitano, kabro mpya hazitaingia kwenye matundu ya zamani.